Fremu chini, ofisi katikati, nyumba juu: mwongozo kamili wa kubuni ghorofa la matumizi mchanganyiko

Mtu anayekuja kwangu na kiwanja cha Kariakoo, Magomeni au Kinondoni mara nyingi huja na picha kwenye simu: kioo cha bluu, kona ya mviringo, jina la jengo juu kabisa. Humwomba tuiweke simu kando, tuanze na choo cha ghorofa ya tano. Maji ya choo kile yatashukia wapi? Yatapita juu ya meza ya nani, na mwisho yatatokea juu ya vitenge vya nani?

Jengo la namna hii hufaulu au huharibika pale matumizi yake matatu yanapogusana, nayo hugusana kwa wima: nguzo, mabomba, ngazi, lifti, moshi. Kwa hiyo hapa tutachora mkato kwanza, kisha ramani ya kila ghorofa, na sura ya mbele itakuja mwisho.

Kuishi juu ya duka si jambo geni kwetu. Tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa utaliona: biashara chini, familia juu, baraza mlangoni, roshani ya kupunga upepo. Lakini mara nyingi zile zilikuwa nyumba za watu waliojuana, mwenye duka akiwa ndiye mwenye kulala juu. Maji yakivuja, maneno yaliishia mezani kwao. Leo tunawapandanisha watu wasiojuana hata kwa majina, hivyo mchoro lazima ufanye kazi iliyokuwa ikifanywa na undugu.

Nitatumia kiwanja kimoja cha mfano mpaka mwisho ili hesabu zisipotee hewani. Ni kiwanja cha kona, mita 28 upande wa barabara kuu na mita 40 upande wa mtaa mdogo, yaani mita za mraba 1,120. Tunataka maduka ghorofa mbili, ofisi ghorofa mbili, na nyumba ghorofa tano.

Hatua ya 1: Hati na udongo kabla ya kalamu

Soma hati miliki. Angalia matumizi yaliyoandikwa. Kama imeandikwa makazi tu, unaanza na maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, na bila hilo michoro yote ni karatasi. Kisha nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri uulize mambo manne: sehemu ya kiwanja unayoruhusiwa kufunika, jumla ya sakafu ikilinganishwa na kiwanja, idadi ya ghorofa, na nafasi ya kuacha kutoka mipakani. Usichukue majibu ya dalali. Kwenye mfano wetu sakafu zote zitafika takribani mita za mraba 5,630, yaani mara 5 ya kiwanja na kidogo. Ikiwa ukomo wa eneo ni mara 4, ghorofa tatu za nyumba zinaondoka leo, kabla hujamwahidi mtu.

Udongo nao usibahatishwe. Mlipe mtaalamu atoboe mashimo ya uchunguzi, akupe uwezo wa ardhi kubeba mzigo na kina cha maji. Sehemu kubwa ya katikati ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na maji ya ardhini hayako mbali. Ukichimba ghorofa ya chini ya ardhi bila kuta za kuzuia udongo, mchanga wa jirani hukimbilia kwenye shimo lako, na ukiyanyonya maji kwa pampu, ardhi iliyo chini ya msingi wake hushuka. Ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20 na kuwazika wengine wakiwa hai. Lile lililoanguka likiwa bado linajengwa katikati ya jiji, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, liliua zaidi ya 30. Kila ninapoambiwa "mhandisi anakula hela za bure", nawakumbuka watu hao.

Ushauri wangu: pale maji yalipo karibu na nyumba za jirani zimebanana, usichimbe. Maegesho yaweke ghorofa ya kwanza nyuma ya maduka, au punguza magari. Fremu chache utakazopoteza ni gharama ndogo kuliko shimo lisilokauka.

Hatua ya 2: Chora mkato

Chukua karatasi, chora jengo kana kwamba limekatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini. Kwenye mfano wetu kimo kutoka sakafu hadi sakafu ni hivi: fremu za chini mita 4.5, maduka ya ghorofa ya kwanza mita 4, ofisi mita 3.6 kila moja, nyumba mita 3.1 kila moja. Kati ya ofisi na nyumba weka ghorofa fupi ya mabomba, mita 1.5, ambamo fundi anaweza kutambaa. Jumla ni karibu mita 33.

Wateja wengi hutaka kuifuta ile ghorofa fupi kwa sababu haina kodi. Mimi siifuti. Niliwahi kukubali kuifuta, nikiwa kijana kazini. Bomba la choo likapitishwa chini ya slabu juu ya duka la vitambaa, na siku lilipopasuka mwenye duka alipoteza mzigo wa msimu mzima wa sikukuu. Nilisimama naye pale, sina la kumwambia. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa karibu 1 kwa 40, yaani linashuka sentimita 20 kwa kila mita 8. Nafasi hiyo lazima itoke mahali fulani, na usipoitenga wewe, fundi bomba ataitafuta kwa patasi kwenye boriti.

Ghorofa nne za chini zipe upana wa mita 24 na urefu wa mita 32. Nyumba zisimame juu ya sehemu tu ya eneo hilo, mita 16 kwa 32. Mita 8 zinazobaki ndizo uwanja wa wakazi juu ya paa la ofisi. Tutaurudia.

Hatua ya 3: Gridi ya mita 8

Nguzo ndizo zinazopita matumizi yote matatu bila kuomba ruhusa, hivyo tafuta kipimo kinachowafaa wote. Mimi hupenda mita 8 kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo. Nguzo ya sentimita 50 inaacha mita 7.5, zinazoingiza magari matatu ya upana wa mita 2.5. Gari mita 5, njia mita 6, gari mita 5: jumla mita 16, nafasi mbili kamili. Kama udongo umeruhusu kuchimba maegesho chini ya ardhi, upana wetu wa mita 24 unatoa mita 16 za maegesho na mita 8 za kuingilia, matenki na ngazi. Mteremko wa magari usizidi 1 kwa 8, kwa hiyo kushuka mita 3 kunahitaji urefu wa mita 24, nao unaenea ndani ya mita 32. Utapata magari 20 hivi, gari moja kwa kila nyumba.

Juu ya maegesho, mita 8 ni fremu mbili za upana wa mita 4. Kwenye ofisi ni vyumba viwili au ukumbi mmoja. Kwenye nyumba ni sebule na chumba. Kwa kuwa nyumba zimekaa kwenye nafasi mbili kamili, nguzo zake zinashuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi. Ukizihamisha katikati ya safari utahitaji boriti nene sana za kuhamishia mzigo, ambazo hula zege, nondo na kimo. Nimeona majengo yaliyolipa gharama hiyo kwa sababu tu sebule ilichorwa kwanza.

Hatua ya 4: Mzigo wa kweli, sio wa kwenye karatasi

Vitabu vya uhandisi hukadiria mzigo wa matumizi kuwa kilo 150 kwa mita ya mraba kwa nyumba, 250 kwa ofisi, 400 kwa duka. Stoo huhesabiwa kilo 240 kwa kila mita ya kimo cha mzigo, hivyo marobota yaliyopangwa kwa kimo cha mita 3 ni kilo 720.

Sasa fikiria ofisi ya ghorofa ya tatu Kariakoo. Mwaka wa kwanza ni ofisi ya uwakala. Mwaka wa pili mpangaji amegundua kuwa kuweka mzigo hapo ni nafuu kuliko kukodi godauni. Hakuna aliyekuarifu, na slabu uliyoihesabia kilo 250 imebebeshwa karibu mara tatu yake. Kwa hiyo kwenye maeneo ya biashara namwomba mhandisi ahesabu ghorofa zote nne za chini kama maduka, kisha tutenge stoo maalumu zilizohesabiwa kama stoo, ghorofa ya chini na kwa nyuma. Ofisi ikigeuzwa kuwa ukumbi wa ibada au wa mafunzo, mzigo nao hubadilika, kwa hiyo andika uwezo wa sakafu kwenye mkataba wa upangaji na kwenye kibao ukutani, kwa kilo, kwa Kiswahili.

Fremu yenye kimo cha mita 4.5 itawekewa dari la kati la kupandishia mzigo, upende usipende. Libuni wewe mwenyewe kwa chuma, lenye ngazi yake, kuliko kumwachia mpangaji atoboe nguzo zako.

Hatua ya 5: Maji yanayoshuka na maji yanayopanda

Panga vyoo, mabafu na majiko ya nyumba zote tano zilizopandana yakae wima, moja juu ya jingine, yakishikana na njia ya mabomba yenye mlango wa fundi kutoka korido ya pamoja. Fundi asilazimike kuingia chumbani kwa mtu. Njia hizo zipite ofisini zikiwa kando ya ngazi na lifti, na madukani zishuke nyuma, mbali na kaunta. Upana wa mita 24 hufanya katikati ya ofisi kuwe na giza, kwa kuwa mwanga wa dirisha hauingii sana zaidi ya mita 6 au 7. Hapo penye giza ndipo mahali pa lifti, ngazi, vyoo na mabomba.

Maji ya maduka na ofisi yawe na mabomba yake mpaka kwenye chemba ya nje. Mgahawa wa chini uwe na mtego wa mafuta kabla ya chemba. Kama mtaa hauna bomba la majitaka, panga mapema nafasi ya shimo na ya gari la kunyonya kufika.

Maji safi tuyahesabu. Nyumba 20, watu 5 kila moja, lita 150 kwa mtu kwa siku: lita 15,000. Ofisi zina mita za mraba 1,536. Ukitoa korido na ngazi zinabaki kama 1,150, na kwa mita 10 kwa mtu ni watu 115, lita 45 kila mmoja, jumla lita 5,200 hivi. Maduka na wateja wake tuseme 3,000. Jumla ni karibu lita 23,000 kwa siku. Kwa mji ambao maji hukatika, weka akiba ya siku mbili: lita 46,000, nyingi chini na sehemu juu ya paa. Akiba ya zimamoto iwe nje ya hesabu hii. Kama inakaa tenki moja na maji ya matumizi, bomba la matumizi lichomoke juu ya usawa wa akiba, ili hata mchota maji wa mwisho asiiguse.

Paa la mita za mraba 512 hupokea maji ya kutosha kufikiriwa. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na ukivuna asilimia 80 ni lita 450,000 hivi. Ni matumizi ya jengo lote kwa siku 20 tu, lakini kwa kusafishia vyoo na kumwagilia bustani yanaenda mbali. Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, aliyapa mapaa yake umbo la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua huku hewa ikipita chini yake. Wazo lile bado lina mashiko.

Hatua ya 6: Milango mitatu

Mkazi anayerudi saa nne usiku na watoto asipite katikati ya fremu zilizofungwa. Mteja wa duka asipotee akajikuta kwenye korido ya nyumba za watu. Tenga milango: maduka yafunguke barabara kuu, ofisi ziwe na ukumbi wao barabara hiyohiyo, na wakazi waingilie mtaa mdogo. Mwenye jengo atalalamika kuwa mlango wa ofisi umemla fremu moja kati ya sita za mbele, pamoja na kilemba chake. Ni kweli. Lakini ofisi isiyo na mlango wake hupata mpangaji wa bei ya chini kwa miaka yote ya jengo.

Nyuma acha ua wa mita 6 wa kushushia mizigo, ili kirikuu na mikokoteni visizibe mlango wa wakazi.

Lifti ya nyumba isiwe ile ya ofisi. Na angalau moja iwe na kina cha mita 2.1 ndani na upana wa mita 1.1, ili iingize machela. Niseme wazi: iingize na jeneza. Watu wanaishi humu, na watu hufa humu. Familia isilazimike kumsimamisha mpendwa wao wima kwenye ngazi.

Hatua ya 7: Moto

Maduka ndiyo yenye vitu vya kuwaka, wakazi ndio walio usingizini. Kwa hiyo tenganisha maduka na kila kilicho juu kwa sakafu na kuta zinazostahimili moto saa mbili, na ziba kila tundu la bomba na waya, maana moshi hupanda kwa tundu la upana wa kidole. Wakazi wapate ngazi mbili zilizo mbalimbali, zinazoshuka hadi nje bila kufungukia madukani. Milango ya ngazi ijifunge yenyewe na ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Geti la ngazi lenye kufuli, ambalo mlinzi huondoka na ufunguo, ni mtego. Grili za madirisha pia: kila nyumba iwe na angalau moja inayofunguka.

Mtungi wa gesi ukae kwenye roshani ya jiko, mahali penye hewa. Peleka michoro kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, wakati bado unaweza kusogeza ngazi kwa kifutio. Soko la Kariakoo lenyewe liliungua tarehe 10 Julai 2021. Hakuna jengo la biashara lililo salama kwa sifa zake.

Hatua ya 8: Jua, upepo, na namna tunavyoishi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la kuogopwa ni la asubuhi na la jioni, linaloingia chini chini kutoka mashariki na magharibi. Ikiwezekana, pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini. Saa sita mchana mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi, na kivuli cha zege kinachotokeza sentimita 90 hufunika dirisha la mita 1.5. Kiwanja kisipokubali, upande wa magharibi weka ngazi, mabafu na kuta za matofali ya matundu, usiweke kioo.

Tumepanga nyumba nne kwa ghorofa, kila moja ikiwa kona yenye kama mita za mraba 100, ili hewa iingie upande mmoja na kutokea mwingine. Kusi ikivuma, sebule ya kusini haihitaji kiyoyozi jioni.

Kisha uliza watu wanaishije. Nguo zitaanikwa wapi? Usipotoa roshani ya nyuma yenye ukuta wa matundu, zitaanikwa mbele, juu ya jina la jengo. Kinu kitatwangwa wapi? Kwenye kona ya jiko weka sakafu nene iliyo karibu na boriti, si katikati ya slabu juu ya kichwa cha jirani. Na msiba ukitokea, watu watakaa wapi? Ndipo ule uwanja wa mita 8 kwa 32 unapolipa. Mita za mraba 256 zenye kivuli, bomba, choo na jiko dogo la nje zinatosha arobaini, maulidi, kipaimara, na watoto kucheza siku zote nyingine. Weka kizuizi imara cha mita 1.2 pembeni, na zuia maji vizuri, kwa kuwa chini yake kuna ofisi.

Hatua ya 9: Umeme na taka

Kila mpangaji na mita yake ya LUKU, zikiwa kwenye chumba kinachofikika. Lifti, pampu na taa za ngazi ziwe na mita ya pamoja. Uliza TANESCO mapema kama utahitaji chumba cha transfoma. Jenereta ikae juu ya springi au mpira wa kuzuia mtetemo, na bomba la moshi lipande hadi juu ya paa la mwisho. Likitokea usawa wa ghorofa ya pili, linawavutisha moshi wakazi. Taka za maduka na za nyumba ziwe na vyumba tofauti uani.

Hatua ya 10: Umiliki, kibali na usimamizi

Ukitaka kuuza nyumba mojamoja, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa mali ya pamoja chini ya chama cha wamiliki. Kaa na mwanasheria na mpima wakati michoro bado ni ya penseli. Bomba la pamoja lililopita ndani ya nyumba ya mtu mmoja litakuwa kesi.

Kwenye timu usikose msanifu majengo, mhandisi wa miundo, mhandisi wa umeme na mabomba, na mkadiriaji majenzi, wote waliosajiliwa na bodi zao, na mkandarasi wa daraja linaloruhusu ukubwa huo kutoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi. Baraza la mazingira la taifa, NEMC, litahitaji tathmini ya mazingira. Usimwage zege kabla ya kibali, na usiongeze ghorofa baada yake. Msingi ulihesabiwa kwa ghorofa tisa, na nondo hazijui kuwa soko la nyumba limepanda.

Karibu na bahari, nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 hadi 5, na mchanga wa pwani wenye chumvi usiingie kwenye mchanganyiko. Kila zege la nguzo na slabu litolewe sampuli za vibonge, zivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Majibu yakiwa mabaya, simamisha kazi, hata kama winchi inalipiwa kwa siku.

Mabomba yakishafungwa na kabla dari halijawekwa, piga picha kila chumba, na weka vipimo kutoka ukutani. Michoro hiyo ya jengo kama lilivyojengwa, pamoja na kile kibao cha kilo za sakafu, mkabidhi msimamizi wa jengo siku ile ile unayompa funguo.